Kitana cha Mamba Muntu: Kitu na Deni katika Masimulizi ya Lubumbashi

Katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1928, Mmarekani H. P. Lovecraft alibuni sanamu ambayo anayeifuatilia asili yake hupata maarifa yasiyovumilika. Msomaji wa Bel-Air, Lubumbashi, ana mfano wa karibu zaidi: mamba muntu, nusu mwanamke, nusu samaki, ambaye picha zake zilitundikwa sebuleni mwa wafanyakazi katika miaka ya 1970. Husimuliwa kwamba anayeokota kitana chake au nywele zake hujiwa ndotoni. Akivirudisha hupewa mali, kwa sharti la siri. Sanamu ya Lovecraft hufunua ulimwengu usiomjali binadamu. Kitana hufunga mkataba. Katika mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, utajiri wa ghafla ulizua swali: utalipwa kwa nini?