Darasa la Sista Corita

Wanafunzi wa sanaa wa Immaculate Heart, chuo cha wanawake cha watawa wa Kikatoliki jijini Los Angeles, walipelekwa hadi kituo cha mafuta wakiwa na vipande vya kadibodi vilivyokatwa tundu la mstatili. Walichungulia humo: herufi moja, kipande cha tangazo, rangi.

Mwalimu wao alikuwa Sista Corita Kent (1918–1986).

Mwaka 1964 aliupokea uongozi wa idara ya sanaa kutoka kwa Sista Magdalen Mary, mwalimu mwenzake. Mwaka huohuo sikukuu ya Bikira Maria chuoni ikawa shamrashamra za mabango na maua. Katika picha zake alizochapa kwa skrini, matangazo ya dukani yalikaa pamoja na Maandiko Matakatifu.

Aliacha utawa mwaka 1968. Chuo kilifungwa 1980. Stempu ya upendo aliyoibuni, yenye michirizi ya rangi, ilitolewa na posta ya Marekani mwaka 1985.