Kamu ya kiwekamkao

Mafundi wa magari wamezoea kusema kamshafti: shafti yenye vinundu vinavyofungua na kufunga vali za injini. Kwa hiyo neno kamu, yaani kinundu cha namna hiyo, halihitaji kutafutiwa mbadala. Kazi iko kwa kifaa kingine, kile kinachofungwa kwenye vali ya kiwandani, tuseme ya mvuke au ya maji ya kupoza, kuhakikisha imefunguka kwa kiasi kilichoagizwa. Wapo wanaokiita posishona. Kukiita kidhibiti ni kukipa cheo kisicho chake, maana kidhibiti ndicho kinachoamua. Hiki hutekeleza tu. Lugha iliyounda kipazasauti na kipimajoto haishindwi kuunda kiwekamkao, na ndilo jina litakalotumika hapa.

Kiwekamkao cha hewa hupokea amri kwa shinikizo la kati ya paundi 3 na 15 kwa inchi ya mraba. Shinikizo hilo hutanua mfuko wa mikunjo, mfuko husogeza kibao kilicho mbele ya nozeli, na hewa ya kusukuma vali huongezeka au kupungua. Vali inapozunguka huzungusha kamu. Ukingo wa kamu huinua rola, na rola hurudisha kibao kwenye mizani yake; huo ndio mrejesho. Vali haitulii mpaka rola ipande kimo kinacholingana na amri.

Siri yote, basi, imo katika ukingo. Ukipanda kwa hatua sawa kwa kila nyuzi, nusu ya amri huleta nusu ya mfunguko. Kiwekamkao cha Fisher 3582 kina kamu zenye herufi A, B na C: A ndiyo iliyonyooka, nyingine mbili hupinda uhusiano huo. Zisipofaa, mtu huchonga yake.

Chukua vali ya kuzunguka nyuzi 90 yenye tabia ya asilimia sawa, yaani kila hatua ya mfunguko huongeza mtiririko kwa sehemu ileile ya uliokuwapo. Ikiwa mtiririko wake mkubwa ni mara 50 ya mdogo, inapofika nyuzi 45 hupitisha asilimia 14 tu. Mwenye mtambo anataka nusu ya amri ilete nusu ya mtiririko, na nusu hiyo hupatikana kwenye nyuzi 74. Kama mwinuko mzima wa kamu ni milimita 20, rola iwe imepanda milimita 2.8 kwenye nyuzi 45 na milimita 10 kwenye nyuzi 74. Milimita 10 zilizobaki zinabanwa ndani ya nyuzi 16 za mwisho!

Vipimo hivyo huchorwa kwenye bamba la alumini au chuma kisichoshika kutu, hukatwa kwa msumeno, kisha tupa humalizia taratibu. Asiye makini hukosea kwenye rola. Hesabu inahusu kitovu cha rola, lakini kinachochongwa ni ukingo inaougusa, kwa hiyo nusukipenyo cha rola lazima kitolewe. Bonde jembamba kuliko rola yenyewe halina faida, kwa kuwa rola haitafika chini yake.

Jaribio ni rahisi: peleka paundi 3, 6, 9, 12 na 15, soma nyuzi za vali kila mara. Kwenye 9, yaani nusu ya amri, isome 74.

Hata kamu iliyochongwa vizuri ina gharama. Mwanzoni, ukingo unapokaribia kuwa tambarare, badiliko dogo la amri huisogeza vali mbali kabla rola haijapanda vya kutosha kuisimamisha. Msuguano ukizidi, vali huanza kuyumba huku na huku. Mwishoni mteremko ni mkali na rola husukumwa ubavuni.

Viwekamkao vya kidijitali kama SIPART PS2 ya Siemens vimeacha tupa: fundi hujaza jedwali la nukta 21, moja kwa kila asilimia 5. Jedwali hilo hupinda amri kabla haijafika kwenye mzunguko wa mrejesho, hivyo mrejesho wenyewe hubaki umenyooka na ule ugonjwa wa kuyumba unaoletwa na ukingo tambarare haupati pa kuanzia.