Bendera Tatu, Shehena Moja: Usimamizi wa Meli za Mizigo katika Njia ya Arua, 1914–2005

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi meli za mizigo zilizoihudumia Arua na eneo la Nile Magharibi zilivyosimamiwa katika maji yaliyogawanywa na mipaka ya dola mbalimbali, tangu 1914 hadi kuzama kwa MV Kabalega mwaka 2005. Hoja kuu ni kwamba wingi wa bendera, peke yake, haukuudhoofisha usafiri huo. Ulidhoofika pale chelezo, vipuri, ukaguzi na mamlaka ya kupanga safari vilipotenganishwa bila makubaliano. Makala inapendekeza kwamba sera za uchukuzi wa majini zianze na mambo hayo kabla ya ununuzi wa meli.

Utangulizi

Mvara, kitongoji cha Arua kinachojulikana kwa misheni na shule zake, kiko mbali sana na bahari. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya bidhaa za ng'ambo zilizofika Arua, na pamba iliyotoka vijijini kwenda viwandani, ilipita mikononi mwa manahodha. Leo malori hutoka Mombasa kupitia Malaba, Karuma na Pakwach, na historia ya njia ya maji imesahaulika. Inapojadiliwa sera ya meli nchini Uganda, mazungumzo huishia Port Bell. Nile Magharibi haitajwi.

Ili kuielewa historia hiyo, ni lazima kutenganisha mambo matatu ambayo aghalabu huchanganywa. Umiliki hueleza nani ana mali. Bendera hueleza ni sheria ya dola gani inayoitawala meli na nani anapaswa kuikagua. Uendeshaji hueleza nani anayepanga safari, anayeajiri mabaharia na anayelipia matengenezo. Mambo hayo yanaweza kuwa mikononi mwa watu watatu tofauti, na meli ikaendelea kufanya kazi, mradi kila mmoja ajue wajibu wake.

Nchi iliyobadilishiwa bendera

Eneo la Arua na Koboko lilibadilishiwa bendera kabla halijawa na gati. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodishia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji eneo la Lado. Alipofariki Desemba 1909 ukodishaji ulikoma, na mwaka 1910 eneo hilo likawekwa chini ya Sudan. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda, na Arua ikawa makao ya utawala wa wilaya mpya. Wakati huohuo, makubaliano ya Uingereza na Ubelgiji ya 1910 yaliipa Kongo ya Kibelgiji ukanda wa Mahagi, na kwa hiyo ufuo wa magharibi wa Ziwa Albert.

Matokeo yake ni kwamba njia moja ya maji iligusa tawala tatu: Uganda, Kongo ya Kibelgiji na Sudan. Sudan yenyewe ilikuwa na bendera mbili, kwa kuwa mkataba wa 1899 uliagiza bendera ya Uingereza na ya Misri zipeperushwe pamoja, nchi kavu na majini.

Njia ya Butiaba

Kabla ya reli kufika Kampala mwaka 1931, shehena ya Arua iliweza kupitia vyombo vingi. Ilitoka Mombasa kwa reli hadi Kisumu, ikavuka Ziwa Victoria kwa meli hadi Jinja, ikapanda Reli ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912, hadi Namasagali. Hapo ilipakiwa katika meli za mvuke za Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, kisha ikaenda kwa barabara hadi Butiaba katika Ziwa Albert. Kutoka Butiaba meli zilielekea Pakwach, zikashuka na mto hadi Rhino Camp, bandari iliyoihudumia Arua, na kumalizia Nimule. Mbele ya Nimule, maporomoko ya Fula yalizuia vyombo. Abiria na mizigo walikwenda kwa barabara hadi Juba, wakapokelewa na meli za serikali ya Sudan.

Chombo kilichojulikana zaidi katika ziwa hilo ni Robert Coryndon, meli ya abiria na mizigo iliyoanza kazi mwaka 1930 chini ya Shirika la Reli na Bandari za Kenya na Uganda. Meli hiyo haikuhudumia Uganda pekee. Ilitia nanga pia Kasenyi na Mahagi-Port, bandari za Kongo ya Kibelgiji. Kwa hiyo chombo cha shirika la Kiingereza kilikuwa sehemu ya uchumi wa koloni la Wabelgiji, na safari ya kwenda Khartoum ilitegemea ratiba za mashirika mawili yaliyokutana kati ya Nimule na Juba.

Kilichouwezesha utaratibu huo ni uendeshaji. Upande wa Uganda, mamlaka moja ilishika reli, gati, meli na karakana. Mzigo ulipochelewa Masindi Port, waliopaswa kuuliza na waliopaswa kujibu walikuwa katika shirika lilelile. Utaratibu huo haupaswi kusifiwa kupita kiasi: ulijengwa kwa ajili ya kusafirisha mazao ya kikoloni, na wakulima wa Nile Magharibi hawakuwa na sauti katika kupanga nauli. Lakini kama somo la usimamizi, unaonesha kwamba mipaka ilivukika pale wajibu ulipojulikana.

Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilipandisha maji ya maziwa, na mafuriko ya 1962 yakaiharibu bandari ya Butiaba. Robert Coryndon ikaishia kuzama hapohapo. Bandari haikujengwa upya, kwa sababu reli ilikwisha kuelekea kaskazini: ilifika Pakwach mwaka 1964. Kuanzia hapo Arua iliitegemea reli, na kupitia reli, ikazitegemea meli za Ziwa Victoria.

Mabehewa juu ya maji

Katikati ya miaka ya 1960 meli mbili za kubebea mabehewa, Umoja na Uhuru, zilianza kazi katika Ziwa Victoria. Zilijengwa Uskoti na kuunganishwa Kisumu. Faida yake ilikuwa kubwa: kwa kuwa reli za Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa na upana uleule wa mita moja, behewa lililopakiwa Dar es Salaam liliweza kuvuka ziwa kutoka Mwanza na kufika Pakwach bila shehena kushushwa njiani. Uchukuzi wa ziwani ulibaki chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki hata baada ya bandari za bahari kupewa shirika lake mwaka 1969. Nchi tatu huru, zenye bendera tatu, zilikuwa na kundi moja la meli na karakana kuu moja, Kisumu.

Baharini nako lilifanyika jaribio kama hilo. Mwaka 1966 Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia zilianzisha shirika la pamoja la meli, Eastern Africa National Shipping Line, ingawa mbili kati yake hazipakani na bahari. Kisheria hilo lilikuwa sahihi: Azimio la Barcelona la 1921 lilikwisha kuitambua bendera ya meli za nchi zisizo na pwani. Hata hivyo, shirika hilo halikudumu kupita mwanzo wa miaka ya 1980.

Mgawanyo wa 1977 na gharama zake

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa. Tanzania ilibaki na Umoja na Victoria. Kenya ilibaki na Uhuru pamoja na karakana ya Kisumu. Uganda haikupata meli ya mabehewa hata moja. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983, na mkataba wa kugawana mali na madeni, uliosuluhishwa na Victor Umbricht, ulitiwa saini Mei 1984.

Uganda ilijibu kwa kuagiza meli tatu mpya kutoka Ubelgiji: Kabalega, Pamba na Kaawa, zilizoanza kazi katika miaka ya 1983 na 1984. Kwa ununuzi huo tatizo la bendera na umiliki lilitatuliwa, lakini lile la matunzo lilibaki palepale. Mei 8, 2005 Kabalega na Kaawa, meli ndugu za mmiliki mmoja na bendera moja, ziligongana ziwani, na Kabalega ikazama. Kaawa na Pamba nazo zikaondolewa kazini.

Tukio hilo ndilo ushahidi mzito zaidi wa hoja ya makala hii. Hapakuwa na bendera ya kigeni ya kulaumiwa. Kwa Nile Magharibi, hasara iliongezeka maradufu, kwani reli ya Pakwach nayo ilikuwa imekwisha kuacha kufanya kazi. Mfanyabiashara wa Arua alibakiwa na lori, na gharama ya lori hulipwa na mnunuzi wa sabuni, saruji na mafuta huko Mvara na Koboko.

Mjadala

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa kila dola, yenye pwani na isiyo na pwani, haki ya kuwa na meli zenye bendera yake. Lakini unaiwajibisha pia kuzisimamia meli hizo kiufundi na kiutawala. Haki bila wajibu huleta aibu. Januari 2018 Tanzania ilisimamisha usajili wa meli za kigeni baada ya meli zilizopeperusha bendera yake kukamatwa zikiwa na silaha na dawa za kulevya.

Katika maziwa, Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria ya Jumuiya mpya, ya mwaka 2007, ni hatua muhimu kwa upande wa usalama. Kurejea kwa Umoja katika safari za Mwanza na Port Bell mwaka 2018, na kwa Uhuru mwaka 2019, kunaonesha kwamba meli za zamani bado zina kazi. Hata hivyo, kila moja ilifufuliwa na nchi yake, kwa fedha zake na kwa ratiba yake.

Hitimisho

Historia ya njia ya Arua inatoa mapendekezo matatu. Kwanza, makubaliano ya matumizi ya pamoja ya chelezo na vipuri yatangulie ununuzi wa meli. Pili, meli za nchi tofauti zinazohudumia njia moja ziwe na ratiba moja na ofisi moja ya kujibu malalamiko ya wenye mizigo, hata kama kila moja itabaki na bendera yake. Tatu, mipango ya Ziwa Victoria ihesabu safari nzima hadi mwisho wa reli na barabara, zikiwemo Pakwach, Arua na Koboko. Kwani meli inayofika Port Bell kwa wakati bado haijamfikishia mzigo mtu wa Mvara.