Hewa Iliyonaswa Chini ya Meli

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, na waliofika kuokoa walisikia watu wakigonga bati kutoka ndani. Likatobolewa tundu ili watolewe. Hewa ikafoka nje, maji yakapanda kushika nafasi yake, na meli ikaenda chini pamoja na waliokuwa wakigonga.

Hewa iliyonaswa namna hiyo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia maji yasipande. Kazi hii hufanywa na mgandamizo wa jumla, hata ziwe gesi gani. Tundu lile liliondoa mgandamizo huo. Kazi ya pili ni kumpa mtu pumzi, na hapo swali ni kila gesi imo kwa kiasi gani.

Mwaka 1801 Mwingereza John Dalton alieleza kwamba katika mchanganyiko kila gesi husukuma kana kwamba iko peke yake. Ukitaka mgandamizo wake, chukua moli zake, gawa kwa moli za gesi zote, kisha zidisha kwa mgandamizo wa jumla. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na hewa yake ina mgandamizo wa kilopaskali 88 hivi. Oksijeni ni 0.21 ya hewa, kwa hiyo 0.21 × 88 = 18.5.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi wa kivuko hicho akiwa hai, kutoka mahali palipobaki na hewa.

Tuchukulie palikuwa na hewa mita 10 za ujazo, kwa mgandamizo uleule wa 88. Mtu aliyetulia hutumia kama lita 15 za oksijeni kwa saa na kutoa kama lita 12 za hewa ukaa. Baada ya saa 48, oksijeni imeshuka hadi 0.14, na hewa ukaa, ambayo mwanzo haikufika hata 0.001, imekaribia 0.06. Kwa kilopaskali, ni 12 na 5.

Oksijeni hiyo bado inazidi ile ya kilele cha Kilimanjaro, ambayo ni kama 10. Hatari iko kwenye hewa ukaa: kwa kilopaskali 5 kichwa huuma, pumzi hukimbia, akili huvurugika. Lakini hewa ukaa huyeyuka majini zaidi ya mara 20 kuliko oksijeni. Maji yanayomzingira mtu huyo yanaweza pia kumsafishia hewa.

Wakiwa watu 20 katika nafasi hiyohiyo, hali hiyo hufikiwa kwa saa mbili na nusu. Ni muda mfupi, lakini unatosha mpiga mbizi kuingia kwa chini, bila kuitoboa meli juu ya vichwa vyao.