Madogo Walivyowachagulia Wazazi Mlima: Vita ya Ubao Kwenye Resoti za Theluji Marekani

Krismasi ya 1965, mjini Muskegon, Michigan, mhandisi mmoja alikuwa na mabinti waliochoka kukaa ndani na mke mjamzito aliyetaka utulivu kidogo. Jamaa akachukua skii mbili, zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea kwenye theluji, akaziunganisha zikawa ubao mmoja. Mabinti wakasimama juu yake kiubavu, kama watu wanaocheza na mawimbi baharini, wakashuka nao kilimani. Mama mtu akaupa jina: Snurfer. Mwaka uliofuata kampuni ikaanza kuuza mbao hizo kama midoli.

Zawadi ya kutuliza nyumba moja, aisee, ndiyo iliyokuja kuvuruga likizo za nyumba kibao.

Zamani kuchagua resoti kulikuwa rahisi. Baba anateleza kwa skii, mama anateleza kwa skii, watoto wanapelekwa darasani kujifunza hizohizo skii. Mnaangalia bei, umbali na hali ya theluji, basi, safari inaiva. Lakini mwaka 1977 kijana mmoja wa Vermont akaanzisha kampuni ya mbao zenye vifungo vya miguu, na miaka ya 1980 madogo wengi wakawa hawataki tena kusikia habari za skii za wazee. Wanataka ubao.

Tatizo: getini ubao ulikuwa marufuku. Katikati ya miaka hiyo, resoti za Marekani zilizokuwa zinaruhusu ubao hazikufika hata moja kati ya kumi. Wenye milima walisema bima haiwalindi. Wakasema pia mtu wa ubao anasimama kiubavu, kwa hiyo upande wa mgongoni haoni anayekuja. Hilo la pili lina ukweli wake. Ila tusidanganyane, kilichowakera zaidi ni nguo pana, kelele na ile hali ya kutotaka kupangiwa. Wateja wao wa siku zote walikuwa watu wa heshima zao.

Stratton, huko Vermont, ilifungua mlango mwaka 1983, tena kwa masharti: mwenye ubao afanye kwanza mtihani wa kuonyesha anajua kugeuka na kusimama. Fikiria umelipiwa likizo halafu unaanza na mtihani!

Wengine wakaja kulainishwa na hesabu. Dogo wa miaka 15 hana hela, lakini anasafiri na watu wenye hela. Ukimfukuza yeye getini, hujapoteza tiketi moja. Umepoteza tiketi nne, vyumba viwili, chipsi za mchana na chokoleti ya moto ya jioni, kwa sababu mama hawezi kumwacha mwanawe hotelini wiki nzima akinuna. Resoti ya jirani inayokubali ubao inabeba familia yote. Ndiyo maana miaka ya 1990 walewale waliokuwa wanafukuza watu wakaanza kujenga viwanja vya kurukia na mifereji ya theluji ili kuwavuta.

Mwaka 1998 ubao ukaingia Olimpiki, Nagano, Japani. Mkanada aliyechukua dhahabu ya kwanza akavuliwa medali baada ya vipimo kukuta bangi, kisha akarudishiwa, maana bangi haikuwa kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa. Wazee wa skii walicheka sana. (Olimpiki hiyohiyo ndiyo ambayo Mkenya mmoja alimaliza wa mwisho mbio za skii za kilomita 10, na bingwa wa Norwei akamsubiri mstarini kumkumbatia. Wakenya wanaikumbuka mpaka leo.)

Aspen Mountain ikafungua mwaka 2001. Taos, New Mexico, ikagoma mpaka 2008. Zikabaki tatu zilizokaza: Mad River Glen ya Vermont, na Deer Valley na Alta za Utah. Mwaka 2014 watu wa ubao waliipeleka Alta mahakamani, wakidai mlima uko kwenye ardhi ya umma na wao wanabaguliwa. Walishindwa, wakakata rufaa, na mwaka 2016 wakashindwa tena.

Kwa hiyo familia yenye dogo wa ubao bado ina mtihani wa kuchagua. Wengine hufikia mji wa Park City: wazee wanaenda Deer Valley, madogo wanabaki na mlima wa Park City, ulioruhusu ubao tangu 1996, na basi la mjini ni bure. Jioni wanakutana mezani. Alta ndiyo ngumu zaidi. Imeungana na Snowbird, jirani anayekubali ubao, na tiketi ya pamoja ipo, mnaweza kuteleza kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Ila tiketi hiyo ni ya wenye skii tu. Dogo mwenye ubao akifika mpakani, anageuzwa.