Unataka kwenda Jamaica? Anza na njia kabla ya hoteli

Najua dakika za kafe zinahesabiwa, niende moja kwa moja. Jamaa mmoja wa mtaani kwetu alikatiwa tiketi na dada yake anayeishi Kingston, akakae naye wiki tatu. Pasipoti safi, begi limefungwa, shangazi zake wamemsindikiza mpaka uwanjani. Pale kaunta akaulizwa visa ya Marekani. Akajibu, "Mimi siendi Marekani, naenda Jamaica." Kumbe tiketi ilipitia Miami! Akarudi nyumbani na begi lake, na hela ya tiketi haikurudi. Dada mtu alikuwa ameidunduliza miezi minane.

Ndiyo maana nimeandika hii. Ukipanga Jamaica, fuata mpangilio huu.

1. VISA NA NJIA
Jamaica iko Jumuiya ya Madola kama sisi, na Mtanzania au Mkenya anayekwenda matembezi mafupi haombi visa. Thibitisha tu kabla ya kulipa, maana sheria hubadilika. Ukifika wanataka pasipoti iliyo hai, tiketi ya kurudi, anuani ya unakolala na hela ya kukutosha. Fomu ya kuingilia unaijaza kwenye intaneti. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kasheshe iko njiani. Marekani hata ukisubiri ndege saa moja tu, lazima uwe na visa yao. Canada nako vilevile. Ukipita London, ukashukia Heathrow na ndege ya kuendelea ikawa inaruka Gatwick, hapo umeingia Uingereza kabisa, na visa inahitajika. Kwa hiyo andika kwenye karatasi kila uwanja utakaogusa, kisha uliza ubalozi wa kila nchi. Hapo ndipo utoe hela.

2. UENDE LINI
Katikati ya Desemba mpaka katikati ya Aprili hakuna mvua nyingi, ila bei ziko juu. Msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba, na si utani. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini mwa kisiwa. Tarehe 28 Oktoba 2025 Melissa akaingia kusini magharibi akiwa daraja la 5, la juu kabisa, na mji wa Black River ukaharibiwa vibaya. Ukitaka kulala upande huo, ulizia kwanza kama nyumba ya wageni imeshafunguliwa. Mwisho wa Aprili bei huanza kushuka na vimbunga bado.

3. USHUKIE WAPI
Viwanja vikubwa ni viwili: Norman Manley wa Kingston na Sangster wa Montego Bay. Kisiwa kina urefu wa kilomita kama 235, ukikosea kuchagua unapoteza nusu siku barabarani. Wa fukwe (Montego Bay, Negril, Ocho Rios yenye maporomoko ya Dunn's River) ashuke Sangster. Wa mjini ashuke Kingston: kuna makumbusho ya Bob Marley barabara ya Hope, na milima ya Blue Mountains yenye kilele cha mita 2,256. Bob mwenyewe alizaliwa na kuzikwa Nine Mile, mkoa wa St Ann.

4. MKWANJA
Hela yao ni dola ya Jamaica, na dola moja ya Marekani inapata zaidi ya 150 za kwao. Alama ni ileile, kwa hiyo kila bei uliza: dola ya nani? Mabasi ya Knutsford Express yanaunganisha miji mikubwa. Teksi halali, hata zile za kuchangia kama daladala, zina pleti nyekundu. Isiyo nayo, achana nayo.

5. MENGINE
- Umeme wao ni volti 110. Chaja nyingi za simu zinakubali, pasi yako ya nguo iache nyumbani.
- Sisi tumewatangulia saa 8. Kwetu saa 2 usiku, kwao saa 6 mchana. Usimpigie mama saa 9 usiku!
- Tunda la ackee ndilo chakula cha taifa, likipikwa na samaki wa chumvi. Kula lililopikwa na wenyeji, usichume mwenyewe. Ambalo halijaiva na kupasuka lenyewe mtini lina sumu.
- Bangi: tangu 2015 kukutwa na wakia 2 au chini ni faini tu, lakini haijawa ruksa kwa wote. Ukiibeba uwanjani umekwisha.

Yule jamaa hajakata tamaa, anajipanga upya. Safari hii karatasi ya viwanja imebandikwa ukutani kwake, na tiketi haikatwi mpaka kila mstari uwe na tiki.

Aliyewahi kufika huko au mwenye swali atupie hapo chini. Tuko pamoja.