Ulinganishi wa Kipsigis katika ufundishaji wa Kiswahili

Ni mbinu ya kufundisha lugha ya taifa kwa kuanzia lahaja ya mwanafunzi, inayokumbusha kazi ya mwanaisimu Yuen Ren Chao (1892–1982), aliyerekodi matamshi sanifu ya Kichina kwenye santuri na kuchapisha uchunguzi wa lahaja za Kiwu mwaka 1928. Mfano ni Chepseon, kaunti ya Kericho nchini Kenya, ambako lugha ya nyumbani ni Kipsigis, lahaja ya Kikalenjin, lugha ambayo mwanaisimu Taaitta Toweett aliichambua katika kitabu cha mwaka 1979. Kipsigis hakitofautishi maana kwa ghuna, yaani mtetemo wa nyuzi za sauti: k hubaki k mwanzoni mwa neno, bali kati ya irabu huelekea g, ndipo gari likawa “kari” na kuku “kugu”, matamshi ambayo mwalimu huyasahihisha kama uzembe ilhali yanafuata kanuni.